Uzi: Mbona hakuna mganga anayeuza dawa ya mbalamwezi? Tujadili ushirikina wa Kanda ya Ziwa bila matusi

MkaziWaIgombe:

Wakuu, salaam.

Humu kila ukifunguliwa uzi wa ushirikina unaishia kwa makundi mawili kurushiana maneno. La kwanza linasema Kanda ya Ziwa hatujasoma. La pili linajibu "we bado hayajakukuta". Leo sitaki kubishana kama uchawi upo au haupo, kila mtu abaki na lake. Ninachouliza ni kwa nini mtu mwenye akili zake, anayelijua Ziwa Victoria kuliko wahitimu wote wa humu, anafunga kitambaa chekundu kwenye mtumbwi, na ukimbana anakubali mwenyewe kwamba kitambaa hakivui samaki.

Tuanze na mwezi. Aliyewahi kukaa kambini, iwe Kayenze, Kome au Ukara, anajua dagaa ni kazi ya usiku wa giza. Taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikikolea ziwa zima linang'aa, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, kambi inapumzika. Nyavu zinashonwa, wenye familia bara wanavuka, na pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, bei inapanda.

Sasa angalieni. Nimeona matangazo ya dawa ya kuvuta wateja, kusafisha nyota, kumrudisha mpenzi, kushinda kesi. Dawa ya kuvua dagaa kwenye mbalamwezi sijawahi kuiona hata kwenye nguzo za umeme za Buzuruga, ambako kila tatizo la binadamu lina namba yake ya simu. Kwa nini? Kwa sababu hapo hakuna fumbo. Kila mtu anajua kinachowazuia dagaa na anajua kitakwisha lini. Unasubiri tu.

Sangara ni habari nyingine. Mnatega mbali, mnarudi kutegua. Mitumbwi miwili iliyotega jirani, mmoja unarudi umelala kwa uzito, mwingine una samaki wawili. Nyavu zinaweza kuibiwa usiku huohuo, upepo ukageuka, injini ikazimika. Na pesa iliyozama humo ni ya petroli ya kukopa. Hapo ndipo unaanza kuona kitambaa, chupa yenye mizizi chini ya ubao, na masharti: mwanamke asiruke nyavu, usitaje kilo unazotegemea, usigeuke nyuma mkishasukuma mtumbwi majini.

Jambo hili liliwahi kuandikwa, tena si kuhusu sisi. Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Polandi, aliishi visiwa vya Trobriand kule Pasifiki miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Akaona wavuvi wa huko wakivua ndani ya wangwa, maji yaliyotulia na samaki wa uhakika, hawana uganga wowote. Wakitoka bahari kuu, kwenye hatari na bahati, kila hatua ina dawa yake. Watu walewale na akili zilezile. Katika andiko lake la 1925 alieleza kwamba uganga unaanza pale ujuzi unapofika mwisho na hatari bado ipo. Anayesema "hawajasoma" anieleze basi kwa nini msomi wetu anasoma ramani ya hali ya hewa Jumatatu na kumpigia mganga Jumanne, siku ya usaili wa kazi.

Ila hatari peke yake haitoshi. Lazima kuwe na kitu kinachomfunza mtu kwamba kile kitambaa "kinafanya kazi". Hapa nawaleta njiwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwaweka njiwa wenye njaa kwenye vizimba, chakula kikawa kinashuka chenyewe kila baada ya sekunde 15, njiwa afanye lolote asifanye. Kati ya njiwa 8, 6 walijitungia vituko vyao. Mmoja akawa anazunguka kizimbani, mwingine anasukuma kichwa kwenye kona ya juu, wengine wanayumba kama pendulamu. Kila mmoja alikuwa amedakwa na chakula akifanya kitu fulani, akakirudia. Kwa kuwa chakula kilikuwa kinakuja tu, kikaja tena. Hakuna aliyewafundisha, wala hawana babu aliyewaachia mikoba.

Ziwa linatufanyia hivyohivyo, tena vibaya zaidi, kwa sababu sangara haji kwa saa. Dawa ikishindwa mara tano halafu ya sita ukapata mabondo (vifuko vya hewa vya sangara) ya kulipa deni lote, ile ya sita ndiyo inayosimuliwa kambini mwaka mzima. Na anayecheza mikeka ya kubashiri mpira asijitoe humu. Mwaka 1975 Ellen Langer aliuza tiketi za bahati nasibu za dola 1. Waliojichagulia tiketi wenyewe, walipoombwa kuziuza, walitaka wastani wa dola 8.67. Waliopewa tu walitaka 1.96. Nafasi ya kushinda ilikuwa ileile kwa wote. Kushika kalamu tu kunamfanya mtu ahisi ameshika na usukani.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo mimi naona ndilo zito. Septemba 20, 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara. Hesabu rasmi ni watu 228 waliokufa. Kivuko kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Sababu ya kuzama haihitaji mganga, na sijasikia mtu wa Ukara akisema hajui kwamba walijaa kupita kiasi. Lakini mzazi haulizi kivuko kilizamaje. Anauliza kwa nini mwanangu, na kwa nini gulioni siku hiyo. Na siku mbili baadaye anatolewa fundi mitambo akiwa hai, kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Kwa nini yeye?

E. E. Evans-Pritchard alilikuta hilo kwa Wazande wa Sudan Kusini ya leo, akaliandika 1937. Ghala la nafaka linaangukia watu waliokaa kivulini. Wazande wanajua vizuri kwamba nguzo zililiwa na mchwa, na wanajua watu walikaa pale kukimbia jua. Wanachouliza ni kwa nini mchwa walimaliza kazi yao saa ileile watu hawa wamekaa. Sisi tungesema sadfa. Wao wanasema uchawi. "Sadfa" ni jibu sahihi, lakini jaribu kumpelekea mfiwa siku ya matanga uone utakavyotazamwa.

Leteni mifano ya kwenu. Chai (hadithi za kutunga) sitaki.

Ngosha_wa_Kisesa:

Mkuu umeandika vizuri ila una kiburi cha kitabu. Kuna vitu vya hapahapa hujavigusa. Njoo Bujora mwezi wa sita, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, uone vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanavyoshindana. Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni mwenye umati mkubwa. Nimeona kwa macho yangu watu zaidi ya nusu wakihama upande kwa ghafla kama waliovutwa na kamba. Mafundi wa pande zote wanaweka dawa, na hawafichi. Ng'wanamalundi, yule mtu wa maajabu wa Usukumani, naye utasema ni njiwa?

MkaziWaIgombe:

Ngosha, hilo la umati kuhama nakuamini, hata mimi nimeliona na nilikuwa miongoni mwa waliohama. Nilihama kwa sababu upande wa pili walitoa chatu. Ninachokuomba uangalie ni kinachosemwa baada ya ngoma. Aliyeshinda: dawa yangu kali. Aliyeshindwa: dawa yake ilikuwa kali kuliko yangu, au kijana wangu alivunja sharti. Tangu enzi za Ngika na Gumha walioanzisha ubishi huo, umewahi kusikia kiongozi wa ngoma akisema "nimeshindwa, kumbe dawa huwa hazifanyi kazi"? Kila matokeo yana maelezo na yote yanaiacha dawa salama. Ndiyo maana haifi.

Ng'wanamalundi namheshimu. Anayesimuliwa kukausha miti kwa kidole sitamwita njiwa, ndugu zako watanikausha mimi.

Kijana_Mkeka:

Hapo kwenye mikeka umenigusa pabaya. Naendelea kusoma.

MamaDagaa_Kirumba:

Wanangu, mimi nauza dagaa Mwaloni na nitaongelea chuma ulete kwa sababu mmeiruka.

Hapa kwetu mteja wa kwanza hakopi. Noti ya mteja wa kwanza haichanganywi haraka na nyingine. Wengine wanatia sindano kwenye mfuko wa fedha, wengine ndimu. Ukiuliza watakwambia kuna mtu anakulipa noti yake, jioni noti zako zimemfuata. Na kweli jioni unahesabu hela haifiki. Unajua umeuza, umeona magunia yameondoka, mikono inauma kwa kupima, na hela haipo. Mnafikiri mtu atawaza nini?

Binti yangu wa kidato cha tatu alipofunga shule akakaa nami mezani na daftari. Akaandika kila kinachotoka. Chai ya vibarua wa kubeba. Bodaboda. Kisado cha shemeji yake baba yake, "atalipa kesho". Vocha. Na rejesho la kausha damu, mkopo wa riba kubwa, linalokuja kila siku saa tisa, mvua inyeshe jua liwake. Jioni akanisomea. Sikulala vizuri.

Sindano nimetoa. Ndimu ipo.

Ngosha_wa_Kisesa:

😂 Mama shikamoo. Na ndimu unaiachia nini?

MamaDagaa_Kirumba:

Marahaba baba. Jirani zangu wote wanayo. Nikitoa ya kwangu, mtu akipata hasara wiki hiyo wataanza kuuliza mimi nimepata kinga gani kubwa zaidi mpaka ndimu siihitaji.

DaktariMtarajiwa:

Kwa heshima zote kwa mama, haya mambo ni elimu tu. Mimi nasoma sayansi, sina hata chembe ya hayo.

MkaziWaIgombe:

Mdogo wangu, mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake walifanya jaribio Marekani. Walichukua mende aliyekufa, aliyesafishwa vijidudu vyote, wakamchovya kwenye glasi ya juisi, wakamtoa. Washiriki waliambiwa wazi kwamba mende hana kijidudu hata kimoja. Bado wengi waliikataa juisi. Kichwani unajua ni salama, mkono haunyanyuki. Mganga anayeomba nguo uliyovaa au kucha zako anatumia mlango huohuo: kilichogusana na wewe kinabaki na wewe. Kwa hiyo usiseme huna chembe. Kubali kulala leo na shuka alilofia mtu, limefuliwa na kupigwa pasi, halafu turudi kwenye mjadala.

Mzawa_Meatu:

Mnacheka ndimu, sawa. Mimi nimekulia Meatu na naomba tuongelee upande ambao hauchekeshi.

Kwetu bibi mwenye macho mekundu alikuwa kwenye hatari. Macho yanakuwaje mekundu? Usukumani miti ni michache, bibi anapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka hamsini. Moshi unaumiza macho ya kila mwanamke maskini aliyeishi sana. Halafu ng'ombe wanakufa, mtoto anaugua, mpiga ramli anachinja kuku, anamsoma matumboni, anasema "ni mzee wa kike, yuko jirani". Hana haja hata ya kutaja jina.

Kuna mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha mwaka 2005 utafiti uliofanywa Meatu kwetu, wakati huo ikiwa mkoa wa Shinyanga. Alilinganisha mauaji na mvua. Miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Wengi waliouawa ni wanawake wazee, na mara nyingi wauaji ni ndugu. Imani ilikuwepo miaka yote, mvua nzuri na mvua mbaya. Kilichobadilika ni chakula ndani ya ghala.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kuhusu hatari na bahati, ila ongeza hili: mzigo wa imani hizi hautui juu ya mwenye nguvu. Sijawahi kusikia mwenye boti kumi akaitwa mchawi na kukatwa mapanga na vijana wake. Na ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa huku kwetu, hasa kuanzia 2007, waliwindwa kwa sababu kuna watu walitaka bahati ya dhahabu na samaki na walikuwa na pesa ya kuilipia. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Mtu mwenye njaa hakusoma yoyote kati ya hizo.

MkaziWaIgombe:

Hii ndiyo niliyokuwa naiogopa na ndiyo muhimu kuliko yangu yote. Asante.

Msafiri_Kamanga:

Mimi naongeza Loliondo. Mwaka 2011 mnakumbuka magari yalivyotoka Mwanza kwenda Samunge kwa Babu aliyekuwa anagawa dawa, kikombe shilingi 500. Tatizo la ushahidi wa vile ni kwamba aliyerudi akijisikia vizuri alisimulia kwenye kila daladala kutoka Nyegezi mpaka Igoma. Aliyeacha dawa zake za hospitali akafa hakupanda daladala kuja kutusimulia. Tukabaki na mashahidi wa upande mmoja.

Kijana_Mkeka:

Na mpira je? Timu inaruka ukuta kukwepa mlango rasmi, Bodi ya Ligi inapiga faini, mechi ijayo wanaruka tena. Faini imeshakuwa sehemu ya bajeti kama maji ya kunywa.

Baharia_wa_Kome:

Nimesoma uzi wote kwa kuwa leo tumekaa, upepo mkali. Mleta uzi umeandika kama mtu wa nchi kavu. Hata wa dagaa wana dawa. Dawa ya kuzuia nyavu zisichanike, ya kufukuza kiboko, ya kuzuia wenzio "wasikufunge". Ila ni kweli, mbalamwezi hakuna anayeigusa.

Lakini kuna kazi moja ya dawa hamjaisema na ndiyo kubwa huku kambini. Tajiri yuko Mwanza mjini, mtumbwi uko kisiwani, vijana wanne wako katikati ya ziwa saa tisa usiku na sangara wa pesa. Boti ya wanunuzi wa magendo inapita, inalipa taslimu. Nani anaona? Hakuna risiti, hakuna kamera, simu haishiki. Sasa kabla ya msimu tajiri anawapeleka vijana wote kwa mganga. Mnachanjwa, mnaambiwa mtumbwi umezindikwa, atakayeuza samaki njiani tumbo litajaa maji. Mnarudi kazini.

Hiyo dawa inafanya kazi, wakuu. Nimefanya kazi kwenye mitumbwi iliyozindikwa na isiyozindikwa. Kwenye iliyozindikwa samaki wanafika. Si kwamba zindiko linavuta samaki. Linazuia mkono.

Sharti la wake zetu ni hivyohivyo. Tunaambiwa mke akitoka nje ya ndoa mume yuko majini, mume anazama. Mtu anakaa kisiwani miezi mitatu, atamlindaje mkewe? Anamlinda kwa hofu. Sharti la mume huku kambini huwa linasahaulika haraka sana, hilo nalo mlijue.

MamaDagaa_Kirumba:

Hapo umesema kweli baharia. Mwanamke ndiye anayebeba lawama ya dhoruba, na TMA, watu wa hali ya hewa, walishatoa tahadhari tangu asubuhi.

DaktariMtarajiwa:

Baharia, kwa hiyo suluhisho lako ni nini? Tuache tu?

Baharia_wa_Kome:

Sijaombwa suluhisho. Ila nakwambia kilichopunguza dawa kwenye mtumbwi ninaofanyia sasa. Kwanza tajiri ametoka kwenye mshahara, tunagawana mapato baada ya kutoa mafuta, kila mtu anaona mzani. Pili tunapata utabiri wa upepo kwenye simu kabla ya kutoka. Tatu kila mtu ana jaketi la kuokolea, na tajiri anakata posho ya asiyevaa. Hakuna aliyekuja kutuhubiria. Siku moja tu nikagundua ile chupa chini ya ubao imepasuka na hakuna aliyeleta nyingine.

Ngosha_wa_Kisesa:

Chai hiyo. Kitambaa je?

Baharia_wa_Kome:

Kitambaa kipo. Usinilazimishe.

Mzawa_Meatu:

Baharia swali moja la mwisho. Hao matajiri wanaopeleka vijana kwa mganga, wenyewe wanaamini?

Baharia_wa_Kome:

Wa kwangu wa zamani alikuwa haamini kabisa. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwenye simu, "mganga ni nafuu kuliko kuajiri msimamizi". Alikuwa anamlipa kila msimu kwa sababu anajua sisi tunaamini.

Mzawa_Meatu:

Na nyie mlikuwa mnaamini?

Baharia_wa_Kome:

Tulikuwa wanne. Baada ya kuacha kazi pale tulikutana watatu Nansio tukakaa tukapiga stori. Kila mmoja akasema yeye binafsi alikuwa haamini, ila aliona wenzake wanaamini, akaogopa kuwa wa kwanza kuongea. Wa nne yuko Bukoba siku hizi, simu yake haipatikani, kwa hiyo wa kwake siwezi kumsemea.